Leo Tutacheza Nini?

Jina la Ndosho bila shaka mmelisikia. Ni mtaa wa upande wa magharibi wa mji wa Goma, katika komine ya Karisimbi, kando ya barabara iendayo Sake na Masisi. Wengi waujua kwa sababu ya hospitali yake, ambamo waganga wa Msalaba Mwekundu wamewapasua majeruhi wengi wa vita kwa miaka mingi. Wazee waukumbuka kwa sababu ya watoto yatima wa mwaka 1994. Hayo yote ni kweli. Lakini mtaa una mengine zaidi ya misiba yake, kama vile mtu alivyo na mengine zaidi ya magonjwa yake. Leo nataka kuwaandikia habari nyingine ya Ndosho: namna watoto wawili walivyofanywa ndugu na michezo. Nasema michezo, si mchezo, na mtaona sababu yake.

Kwanza yafaa mjue nchi yenyewe. Goma umejengwa juu ya mawe meusi yaliyotapikwa na mlima Nyiragongo. Katika Ndosho ukichimba msingi wa nyumba, hukuti udongo. Wakuta mawe makali kama wembe. Mtoto akianguka hapo, goti lachubuka. Kwa hiyo kila mahali palipo sawa kidogo, penye mchanga mweusi, watoto hupaita uwanja. Sisi tulikuwa na uwanja mmoja, upana wake kama nyumba nne, na milingoti ya goli ilikuwa mawe mawili huku na mawili kule. Mpira tuliufanya kwa mifuko ya nailoni na majani makavu ya mgomba, tukaufunga kwa kamba. Ukipigwa sana ulipasuka, na mchezo ukangoja mpaka mtu aushone.

Michezo hii haikuanza na sisi. Papa yangu alikuwa kijana mwaka 1974, na hakuchoka kutusimulia mwaka ule. Mwezi wa tatu Zaire ilitwaa kombe la Afrika kule Misri, na Ndaye Mulamba akafunga magoli 9 katika mashindano yale. Mwezi wa sita timu ikaenda Ujerumani kwa kombe la dunia, ya kwanza kutoka Afrika iliyo kusini ya Sahara. Tena tarehe 30 Oktoba Muhammad Ali akampiga George Foreman mjini Kinshasa. Uwanja ule wa ngumi ulikuwa umefunguliwa mwaka 1952, kazi ya padre Raphaël de la Kethulle, aliyefika Kongo mwaka 1917 na kuwafundisha vijana wa Kinshasa mipira na mbio pamoja na masomo. Leo uwanja waitwa kwa jina lake, Tata Raphaël. Basi kila jioni papa alipokwisha kula, alitusimulia magoli yale na ngumi zile kana kwamba yeye mwenyewe alikuwapo. Nasi tulikuwa tukitoka nje kuyaigiza.

Mwaka 1993 vita vya makabila vilizuka katika Walikale na Masisi. Watu wengi wakashuka Goma na mizigo yao kichwani. Ndipo nyumba ya jirani yetu ilipopata wageni, na miongoni mwao mtoto wa rika langu, mwenye miaka tisa kama mimi. Jina lake sitalitaja, maana yu hai na hapendi kutangazwa. Siku ya kwanza alisimama ukingoni mwa uwanja, mikono nyuma, akatutazama. Alipoitwa acheze, akapiga mpira kwa kidole gumba, mpira ukaenda upande, watoto wakacheka. Hakurudi uwanjani siku mbili.

Siku ya tatu nilimkuta nyuma ya nyumba akishindana mieleka na kaka yake aliyemzidi umri. Alimtia mguu nyuma ya goti, akamgeuza, akamlaza chini kama gunia la viazi. Nikashangaa. Nikamwomba anifundishe. Akanitazama kwanza, kisha akasema, "Na wewe utanifundisha mpira." Hapo ndipo mambo yalipoanza.

Tangu siku ile tulikuwa na mazoea. Asubuhi, au tulipotoka shule, aliyefika kwanza kwa mwenzake aliuliza neno moja: "Leo tutacheza nini?" Hatukuuliza kama tutacheza. Tuliuliza mchezo gani tu.

Mwezi wa saba mwaka 1994 mchezo wa mpira ulikoma ghafula. Kwa siku chache tu wakimbizi kutoka Rwanda, zaidi ya 800,000, walivuka mpaka wakajaa Goma. Wengine walipita mbele ya nyumba zetu usiku na mchana wakielekea Mugunga. Maji hayakutosha, na kipindupindu kikaingia. Katika mwezi mmoja watu yapata 50,000 wakafa kwa kipindupindu na magonjwa ya kuhara. Hapa kwetu Ndosho walikusanywa watoto waliopotelewa na wazazi wao. Uwanja wetu ukajaa mahema. Mama akatukataza kwenda mbali, akatukataza kunywa kitu nje, akatukataza kugusa chochote.

Je, watoto wafanye nini? Mipira haikuwa na pahali. Basi mieleka ikawa mchezo wetu, maana mieleka yataka nafasi ya mkeka mmoja tu. Hapo yeye alikuwa mwalimu, mimi mwanafunzi. Mimi niliyemcheka uwanjani niliangushwa mara kumi kwa siku. Nawaambieni, wasomaji wapenzi, kuangushwa na mtu uliyemcheka ni dawa chungu, lakini yaponya kiburi. Naye hakunicheka hata mara moja. Alinipa mkono, akaniinua, akaniambia, "Tena."

Baadaye kidogo tukaanza kushuka ziwani. Kutoka Ndosho mpaka ziwa Kivu si mbali kwa miguu ya watoto. Ziwa hilo halina mamba, na sisi watoto wa Goma twajua kuogelea tangu udogo. Yeye aliyezaliwa mlimani aliogopa maji kuliko kitu chochote. Mtu aliyewaangusha vijana wakubwa sasa alishika shingo yangu kwa mikono miwili, akitetemeka. Ikawa zamu yangu kusema, "Tena." Ilichukua miezi miwili kabla hajaachilia shingo yangu.

Hapo yafaa niwaambie habari ya mazuku. Watu wa Goma walijua jambo hili kabla ya wataalamu kuja na vyombo vyao. Katika mabonde madogo na mashimo ya mawe, hasa upande wa magharibi, karibu na Kyeshero, Lac Vert na Bulengo, hutoka ardhini hewa ya ukaa isiyoonekana wala kunuka. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida mara moja na nusu, kwa hiyo hutulia chini kama maji katika bakuli. Usiku na alfajiri, pasipo jua wala upepo, hujaa zaidi. Mtu mzima akisimama aweza asisikie kitu. Mbuzi au mtoto aliye chini azimia na kufa. Hiyo ndiyo mazuku.

Asubuhi moja tulikwenda ziwani mapema, kabla ya jua kupanda, na mpira mkononi. Njiani tukawa tukipigiana mpira. Yeye siku zile alikuwa amekwisha kuwa mlinda goli, maana mikono ya mwana mieleka hushika vizuri. Nikapiga, mpira ukampita, ukabingirika mpaka ndani ya shimo la mawe. Akaukimbilia. Nami nikaona kandokando ya mpira ndege wawili wadogo wamelala, mabawa yamekunjuka. Nilipaza sauti, hakusikia. Alikuwa amekwisha kuinama ashuke. Nikamfikia, nikamtia mguu nyuma ya goti, nikamgeuza, nikamlaza chini juu ya mawe. Akainuka na hasira, kiwiko chatoka damu. Nikamwonyesha wale ndege. Tukakaa kimya. Mpira tuliuacha pale pale.

Tuliporudi nyumbani akaniambia, "Ule mtego ni wangu." Nikamjibu, "Ndiyo, ni wako." Mara ile ilikuwa ya kwanza kumwangusha. Nimefikiri sana juu ya asubuhi ile. Kama ningecheza naye mpira tu, ningekuwa bwana na yeye mfuasi, na sikio langu lisingekubali kufundishwa naye kitu. Nisingejua mtego ule. Naye labda asingekuwapo leo.

Mchezo wa tatu hatukuujua wote wawili. Kijana mmoja wa mtaa alifunga ndoo isiyo na kitako juu ya mti, akatuambia kuwa huo ni mpira wa kikapu. Hapakuwa na mwalimu wala mwanafunzi. Tulirusha kama vipofu. Alipopata yeye, nilishangilia. Nilipopata mimi, alishangilia. Tulipokosa, tulicheka pamoja. Basi nilijifunza kwamba kuna michezo ya namna tatu kati ya marafiki: ule unaomfundisha mwenzako, ule anaokufundisha yeye, na ule ambao wote wawili hamwujui. Urafiki wataka yote mitatu. Ukiwa na wa kwanza tu, wapata mtumishi. Ukiwa na wa pili tu, wawa mtumishi wewe. Ukiwa na wa tatu tu, mwacheka sana na hamwendi mbali.

Jambo hili si geni. Wasomaji wengi wamjua Mtakatifu Yohane Bosco, aliyezaliwa mwaka 1815 karibu na Torino, Italia. Watawa wake, Wasalesiani, wanacho kituo cha vijana huko Ngangi, Goma, kilichopokea watoto wengi wa vita. Alipokuwa mwanafunzi kule Chieri alianzisha pamoja na wenzake Chama cha Furaha. Mchezaji mmoja wa maonyesho alijivuna mjini kwamba hapana awezaye kumshinda. Bosco akashindana naye mara nne: kwanza mbio, kisha kuruka mfereji, kisha kusimamisha fimbo kidoleni na mwilini, mwisho kupanda mti mrefu. Bosco alishinda yote, na yule mtu akapoteza fedha zake zote. Lakini vijana wakamrudishia fedha, kwa sharti awalipie chakula, wakala naye mezani. Mtu aliyekuja kama mpinzani akamaliza kama mgeni wao. Hapo ndipo mchezo unapopimwa: si nani ameshinda, bali nani ameketi na nani ulipokwisha.

Sasa nafika kwenye sehemu ya habari nisiyopenda kuisimulia, lakini habari isiyo na kosa la mwandishi si ya kuaminiwa sana.

Mwishoni mwa mwaka 1996 vita viliingia Goma, kambi ya Mugunga ikavunjika katikati ya mwezi wa Novemba, na mamia ya maelfu wakarudi Rwanda kwa miguu. Mahema yakaondoka, uwanja wetu ukarudi. Lakini watu hawakurudi kama walivyokuwa. Wakubwa walianza kuulizana, huyu ni wa wapi, yule ni wa kabila gani, nani alimkaribisha nani. Maneno ya barazani hushuka mpaka kwa watoto, kama vile moshi wa jikoni unavyoingia chumbani. Kijana aliyepanga timu ya mtaa akasema kwamba sasa wenyeji watacheza peke yao, na waliokuja watatafuta uwanja wao. Rafiki yangu alikuwa amesimama golini. Akavua vitambaa alivyofunga mikononi, akaviweka juu ya jiwe, akaondoka.

Mimi nilikuwa mshambuliaji wa timu ile. Nilinyamaza. Nikacheza siku ile, na kesho yake, na majuma matatu. Tulishinda mara nyingi. Nilifunga magoli, nikabebwa mabegani. Usiku nilijiambia kwamba sikumfukuza mimi, na kwamba mtoto hawezi kubishana na wakubwa. Maneno hayo yalikuwa kweli, nayo hayakunisaidia kulala.

Juma la nne mama akaniuliza, mbele ya dada zangu, "Mwenzako mbona haji tena? Amefariki?" Nikasema hapana. Mama akasema, "Basi wewe ndiye uliyekufa." Kisha akaendelea kuchambua maharage.

Asubuhi nilikwenda kwao. Nilikuwa nimetunga maneno mengi njiani. Nilimkuta uani akimsaidia mjomba wake kukaza gurudumu la chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali ambayo watu wa kwetu hubebea viazi na makaa. Nikasimama. Maneno yangu yote yakapotea. Yeye akanyanyua macho, akanitazama kitambo, kisha akauliza, "Leo tutacheza nini?"

Hakusema zaidi. Siku ile alinifundisha chukudu. Ni kazi ya watu wazima, lakini katika mteremko ni mchezo pia: goti moja juu ya ubao, mguu mwingine wasukuma chini, na mwili wote wajifunza kusimama pasipo kusimama. Nilianguka, nikachubuka, akaniambia, "Tena." Timu ya mtaa sikurudi. Tulicheza michezo ya watu wawili: mbio, maji, ndoo, mieleka. Baada ya miezi michache watoto wengine wakaanza kuja mmoja mmoja kwenye ile ndoo yetu, wenyeji na waliokuja, kwa sababu katika mchezo ule hapakuwa na timu ya zamani wala mtu wa kusema nani ana haki. Uwanja wa mpira uliwagawa. Ndoo isiyo na kitako ikawakusanya. Hivyo ndivyo mtaa wetu ulivyopona kidogo, bila mkutano wala hotuba.

Kongo ya mashariki ina ushahidi mkubwa zaidi wa jambo hili. Popole Misenga na Yolande Mabika walizaliwa Bukavu, na vita vikawatenga na jamaa zao wakiwa watoto. Wote wawili walifikishwa Kinshasa, na huko wakajifunza judo. Mwaka 2013 walibaki Brazil baada ya mashindano ya dunia, na mwaka 2016 wakaingia katika michezo ya Olimpiki ya Rio, wawili kati ya watu 10 wa timu ya kwanza ya wakimbizi. Judo ni mchezo ambao somo lake la kwanza ni kujifunza kuanguka. Nilipowaona katika televisheni wakiinama mbele ya wapinzani wao, nilikumbuka uani kwetu Ndosho.

Sisi wawili hatukufika Olimpiki. Familia yake ilihamia katikati ya mji, karibu na kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ulipasuka, mto wa moto ukapita katikati ya Goma mpaka ziwani, ukaunguza kanisa kuu na nyumba nyingi, na yao mojawapo. Walikimbilia Gisenyi, kisha Bukavu kwa ndugu zao. Tukapoteana miaka mingi.

Kisha, usiku wa tarehe 22 Mei 2021, mlima ulipasuka tena, ukaua watu 32. Siku tano baadaye mitaa 10 ya Goma iliamriwa kuhama, kwa kuogopa mlipuko mwingine. Watu wakajaa barabara ya Sake kama mwaka 1994, ila safari hii walikuwa sisi wenyewe. Nilikuwa mlangoni nikiwapa wapitao maji. Mtu mmoja mwenye mvi, na magodoro juu ya chukudu, na watoto wanne nyuma yake, akasimama. Alikuwa amerudi Goma miezi michache tu kabla. Tukatazamana. Hatukulia, tulicheka mpaka watoto wakatuogopa.

Walipumzika kwetu mpaka jioni. Tulipokuwa tukizungumza, watoto wake na wangu walikuwa wameketi mbalimbali, hawa ukutani, hawa mlangoni, hawasemeshani. Mwisho binti yake mdogo akaokota chupa tupu ya maji, akairusha miguuni mwa mwanangu. Mwanangu akairudisha. Kufika saa kumi walikuwa wamecheza mpira wa chupa, mbio za kuzunguka nyumba, na kuruka kamba ya magodoro. Hapana aliyewafundisha.

Tangu hapo mengi yamepita. Mwezi wa kwanza wa mwaka 2025 vita viliingia tena Goma, na hospitali ya Ndosho ikajaa majeruhi kupita kiasi. Tena watu waliulizana nani ni wa wapi. Sina mamlaka ya kumaliza vita. Lakini kwa ninyi wazazi mnaosoma ukurasa huu, nina ombi dogo. Mtoto wako akicheza na mtoto wa mgeni, usiulize kwanza baba yake ametoka wapi. Na wakiwa wanacheza mchezo mmoja tu, ambao mmoja ndiye mkubwa daima, watafutie mwingine: kamba, ndoo, maji, chochote. Kila mmoja apate siku yake ya kufundisha na siku yake ya kuangushwa. Wakikua, dunia itawafundisha kujitenga. Haina haja ya kusaidiwa na sisi.

Rafiki yangu sasa akaa mitaa miwili kutoka kwangu. Magoti yetu yamechoka, na mieleka tumewaachia vijana. Jumapili baada ya Misa huja na ubao wa dama na vizibo vya soda. Dama hatukuijua wote wawili utotoni, nasi twacheza vibaya sana. Lakini mlangoni, kabla ya kuketi, huuliza bado neno lile lile.